Kazi ile ile, mashine ile ile: mara dakika moja, mara mbili. Prosesa mpya, na kampuni inaniambia nisubiri

sauti_ya_kitabu aliandika:

Habari zenu wadau. Naomba mnisome hadi mwisho, maana nimechoka kuambiwa "izime halafu uiwashe tena".

Kazi yangu ni kutengeneza vitabu vya sauti. Msomaji anasoma, mimi narekodi, nakata makosa, nasawazisha sauti, kisha nageuza sura zote kuwa mafaili ya kusikilizia. Wasikilizaji wangu wengi hawaoni. Sauti ikikwaruza na neno likamezwa, wao hawana ukurasa wa kurudi kuangalia neno lilikuwa lipi. Ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni.

Mashine ni kompyuta mpakato mpya. Prosesa ina viini 14 (sehemu zake zinazofanya kazi kila moja kivyake): vikubwa 6, vidogo 8. Kila kiini kikubwa kinaendesha nyuzi mbili, kwa hiyo mfumo unahesabu 20. RAM ni GB 32. Ilikuja na Linux iliyowekwa na kampuni yenyewe iliyoiunda (siitaji jina, sitaki mada igeuke kuwa ya matusi), pamoja na kerneli yao wenyewe (sehemu ya mfumo inayogawa kazi kwa prosesa), toleo 5.14. Niliichagua kwa sababu hiyo hasa. Niliamini kwamba anayeuza mashine na mfumo kwa pamoja atakuwa amevijaribu pamoja.

Sasa tatizo. Nina sura moja ya dakika 38 ambayo naitumia kupimia. Amri ni moja tu ya ffmpeg (programu ya kuchakata sauti), ya kusawazisha sauti. Faili ni lile lile, chaja imechomekwa, hakuna programu nyingine iliyo wazi. Juzi usiku niliirudia mara kumi nikiandika muda kwenye daftari. Kwa sekunde: 64, 66, 131, 65, 133, 130, 64, 97, 132, 66.

Ziangalieni hizo namba. Ukiiondoa ile 97, hakuna kabisa cha katikati. Ama inakimbia, ama inajikokota, na siwezi kujua mapema itakuwa ipi. Joto nimeliangalia, liko sawa. Feni haipigi kelele. Diski ina nafasi tele.

Kwenye kurekodi ni kubaya zaidi. Bafa yangu (fungu la sauti linalochakatwa kwa duru moja) ni sampuli 256 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, yaani prosesa inapewa milisekunde 5 na kidogo kumaliza kila duru. Mashine yangu ya zamani ya viini vinne ilikuwa inalimudu hilo miaka yote bila mkwaruzo. Hii mpya, mara tatu au nne kwa saa nasikia "tk" kwenye vipokea sauti, na ukiangalia wimbi la sauti unaona limekatwa kama kwa wembe, halafu linaendelea. Sura ya 31 ilibidi msomaji airudie yote. Alikuwa ameisoma vizuri sana mara ya kwanza, na machozi yalikuwamo kwenye sauti yake pale yanapotakiwa. Ya pili ni nzuri, ila si ile.

Nimefungua tiketi kwa kampuni. Hii ni wiki ya 11. Wa kwanza aliniambia niweke mfumo upya. Nikauweka, nikapoteza siku mbili. Wa pili akataka picha ya namba iliyo chini ya mashine. Wa tatu akaniuliza maswali ya wa kwanza, kwa mpangilio ule ule. Wa nne akaniandikia kwamba prosesa bado ni mpya na mfumo utaboreshwa kwa masasisho yajayo. Tangu niinunue sijaona sasisho hata moja la kerneli wala la BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya mfumo). Na wameniandikia wazi: nikiweka kerneli nyingine, upande wa programu hawatanihudumia tena.

Maswali yangu ni mawili. Je, kuna ubovu wa kweli hapa, au ndivyo prosesa hizi zilivyo? Na je, kuna jambo ninaloweza kufanya bila kugusa kerneli?

---

kipima_kasi alijibu:

Ubovu ni wa kweli. Umepima vizuri kuliko watu wengi wanaolipwa kupima. Muda unaojigawa makundi mawili hivyo, kwenye prosesa ya viini vya aina mbili, karibu kila mara una maana moja: kazi yako inatupwa popote, mara kwenye kiini kikubwa, mara kwenye kidogo. Ile 97 nadhani ilianzia kwa mmoja ikamalizikia kwa mwingine.

Tuwekee majibu ya amri hizi tatu. Zinasoma tu, hazibadilishi kitu:

`lscpu -e`
`cat /sys/devices/system/cpu/cpu*/acpi_cppc/highest_perf`
`cat /proc/sys/kernel/sched_itmt_enabled`

---

sauti_ya_kitabu alijibu:

Asante sana. Ya kwanza: namba 0 hadi 11 kasi ya juu ni MHz 4,600 na 4,700, namba 12 hadi 19 ni 3,500. Kwa hiyo vikubwa ni 0–11 na vidogo ni 12–19, sivyo?

Ya pili imenipa namba 20, zote 255. Zote. Nimeirudia nikidhani nimekosea kuandika.

Ya tatu inasema hakuna faili kama hilo.

---

kipima_kasi alijibu:

Basi umemkamata. Naeleza kidogo, kwa sababu maelezo haya utayahitaji kwenye tiketi.

Kerneli ni kama nyapara anayegawa mizigo kwa wapagazi. Hawajui kwa sura. Anategemea karatasi aliyopewa na BIOS inayosema nguvu ya kila mmoja. Hiyo `highest_perf` ndiyo karatasi yenyewe. Kwenye prosesa kama yako, viini vikubwa vinatakiwa kuandikiwa namba kubwa na vidogo namba ndogo. Nyapara akiona tofauti, anawasha utaratibu wa kupendelea wenye nguvu kwanza, na ndipo lile faili la `sched_itmt_enabled` linapotokea. BIOS yako imewaandika wote 255, ambayo ndiyo namba ya juu kabisa inayoweza kuandikwa pale. Nyapara kasoma, kaona wote wako sawa, utaratibu haukuwashwa, na mizigo anagawa popote palipo wazi. Hata faili halipo.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni la BIOS. Lakini kuna la pili. Watengenezaji wa kerneli waliliona tatizo hili mapema, na kuanzia kerneli 5.16, iliyotoka Januari 2022, kerneli ikikuta 255 haiiamini. Inakwenda kuisoma nguvu ya kila kiini kwenye prosesa yenyewe. 5.18 ya Mei mwaka huo ikaongeza njia ya prosesa kuiarifu kerneli hali ya viini vyake wakati kazi inaendelea. Wewe umefungiwa kwenye 5.14, ya Agosti 2021.

Bila kugusa kerneli, jaribu hivi:

`taskset -c 0-11` halafu amri yako ya ffmpeg kama kawaida.

Hiyo inamwambia nyapara: mzigo huu usitoke nje ya 0 hadi 11. Kwa kurekodi, fungua programu yako ya kurekodia vivyo hivyo, na usiisahau PipeWire kama ndiyo unayoitumia, maana yenyewe ni huduma ya pembeni inayopitisha sauti, na taskset ya programu yako haiifikii. Andika `systemctl --user edit pipewire`, chini ya `[Service]` weka `CPUAffinity=0-11`, kisha iwashe huduma upya.

---

mti_mkavu alijibu:

Mimi ningeingia BIOS nikazima viini vidogo vyote, shida inaisha. Nilifanya hivyo kwenye mashine yangu na sijajuta.

---

sauti_ya_kitabu alijibu:

Ndugu mti_mkavu, nashukuru. BIOS yangu haina hapo pa kuzimia, nimepatafuta ukurasa kwa ukurasa. Ila nimevizima kwa muda kwa kuandika 0 kwenye faili la `online` la kila kimoja, cpu12 hadi cpu19, nikajaribu. Kurekodi kulitulia kabisa. Lakini kitabu kizima, sura 42 zikigeuzwa kwa pamoja, kilichukua dakika 27 badala ya 19. Vile vidogo vinane vinabeba kazi kweli pale kazi inapokuwa nyingi. Nimevirudisha. Sioni haki kunyamazisha zaidi ya nusu ya viini nilivyovinunua kwa sababu karatasi imeandikwa vibaya.

---

tarakilishi_kongwe alijibu:

Dada au kaka (samahani, jina lako halisemi), niongeze mawili. La kwanza ni la kukutuliza, la pili la kukupa meno.

La kwanza: hujaangukiwa na jambo geni. Programu kuvunjika kwa sababu prosesa imeizidi dhana iliyoandikiwa ni kisa cha zamani. Mimi nilianza na Turbo Pascal, chombo cha zamani cha kuandikia programu. Programu zake nyingi zilikuwa zikianza kwa kupima kasi ya prosesa: zinahesabu mizunguko ndani ya mpigo mmoja wa saa (milisekunde 55 hivi), kisha zinagawanya kwa 55. Prosesa zilipofika kwenye MHz 200 hivi, jibu likawa kubwa kuliko kisanduku lilichotengewa, na programu ikafa kwa hitilafu namba 200 kabla hata haijaonyesha herufi. Programu ile ile, haijaguswa, jana inafanya kazi, leo kwenye mashine bora zaidi inakataa. Nakumbuka nikiondoa mstari mmoja mmoja kutafuta kosa langu, na kosa halikuwa langu. Windows 95 nayo iliangushwa na AMD K6-2 za MHz 350 na kuendelea kwa sababu ya aina hiyo hiyo: mzunguko wa kupimia muda uliisha upesi kuliko alivyowaza aliyeuandika.

Kilicho karibu zaidi na chako kilitokea kwenye simu, mwaka 2016, kwenye prosesa ya Exynos 8890. Nayo ilikuwa na viini vikubwa na vidogo. Programu za Mono (mfumo wa kuendeshea programu za C#) zilikuwa zinaanguka ovyo, bila mpangilio wowote. Waliochimba walikuta kwamba mstari wa kache (kipande kimoja cha kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ulikuwa baiti 128 kwenye viini vikubwa na 64 kwenye vidogo. Programu ilikuwa inauliza ukubwa huo mara moja tu, inaukariri, kisha inahamishiwa kiini kingine na kuendelea kuruka hatua za 128 pale panapotakiwa 64. Nusu ya kache ilibaki bila kusafishwa. Dhana ni ile ile iliyokuumiza wewe: kwamba viini vyote ni ndugu wa tumbo moja.

La pili ndilo ningependa ulishike. Usiwaandikie kampuni kwamba mashine "inakwenda polepole". Neno hilo ndilo linalowapa nafasi ya kukuambia uweke mfumo upya. Waandikie kitu ambacho mtu wa mapokezi hawezi kukijibu, ili alazimike kukipandisha juu. Fanya hivi: chukua flashi, weka juu yake Linux yenye kerneli 6.1, washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha. Diski yao hujaigusa, kerneli yao hujaibadilisha, hawana la kukushika. Rudia zile amri tatu na vile vipimo kumi. Halafu weka majibu ya pande mbili kwenye barua moja fupi.

Na waulize jambo moja zaidi, kwa upole lakini kwa maandishi. 5.14 haikuwa toleo la kutunzwa muda mrefu. Watunzaji wa kerneli waliacha kuirekebisha Novemba 2021. Machi 2022 ulitangazwa upenyo unaoitwa Dirty Pipe, unaomwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya mafaili asiyoruhusiwa kuyaandika. Upenyo huo ulianzia 5.8, na ulizibwa kwenye 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. 5.14 haimo kwenye orodha hiyo, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuirekebisha tena isipokuwa anayeitoa. Waulize: je, ninyi mmeuziba kwenye kerneli mnayonikataza kuibadilisha? Hilo ni swali la haki kabisa. Anayemfungia mteja mlango amebeba jukumu la kuutengeneza ukivunjika.

---

kipima_kasi alijibu:

Naunga mkono la flashi. Angalizo moja: ukiwa kwenye kerneli mpya, `highest_perf` itaendelea kusema 255, usishtuke. BIOS haijabadilika, ila kerneli haiisikilizi tena. Kitakachobadilika ni lile faili la tatu: litakuwepo, na ndani yake patakuwa na 1. Kwenye barua yako hapo ndipo pa kupigia mstari, kwa sababu panaonyesha makosa yote mawili kwa mpigo: BIOS inayosema uongo, na kerneli yao isiyojua kuutambua.

---

sauti_ya_kitabu alijibu, siku tisa baadaye:

Wadau, nimerudi na majibu. (Tarakilishi_kongwe, ni dada.)

Kwanza taskset. Mara kumi, sekunde: 64, 65, 64, 66, 65, 64, 64, 65, 66, 64. Niliposhusha kalamu nilikaa tu nikiitazama safu hiyo. Wiki 11 nimekuwa nikijiuliza kama ni mimi ninayeikosea mashine, kama nimejaza vitu nisivyovijua, kama mkono wangu unachelewa kubonyeza saa. Namba kumi zikanijibu.

PipeWire nimeifunga kwenye 0–11 pamoja na programu ya kurekodia. Tangu hapo nimerekodi saa kumi na nne na nusu. Sijasikia "tk" hata moja, na sikuridhika na masikio peke yake: nimekagua pia hesabu ya makosa ya bafa, iko 0.

Kwenye flashi yenye 6.1 mambo yamekuwa kama mlivyosema. 255 mara ishirini, faili la tatu lipo na lina 1, na vipimo kumi vyote viko kati ya 64 na 66 bila taskset wala chochote. Mashine hiyo hiyo, BIOS hiyo hiyo.

Barua niliyoiandika ilikuwa na mistari kumi na miwili. Sikulalamika. Niliweka jedwali la vipimo, majibu ya amri tatu kwenye kerneli mbili, sentensi mbili za maelezo nilizozitoa hapa kwa kipima_kasi, na swali la Dirty Pipe. Mara ya kwanza jibu lilikuwa lile lile la kuweka mfumo upya. Nikajibu kwa mstari mmoja: "Naomba barua hii imfikie anayeandika BIOS ya mashine hii." Siku nne baadaye aliniandikia mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza mtu huyo alikuwa ameisoma barua yenyewe. Aliniomba majibu ya `acpidump` (amri inayotoa majedwali ambayo BIOS inaipa kerneli), nikamtumia saa ile ile. Amekiri kwamba namba za nguvu kwenye BIOS ya mashine hii zimejazwa sawa kwa viini vyote na kwamba hazikutakiwa kuwa hivyo. Kuhusu kerneli, anasema wanaandaa ya 6.1, tarehe hajanipa. Kuhusu upenyo, kwenye 5.14 yao hawajauziba. Alilisema wazi, na kwa hilo namheshimu, ingawa jibu lenyewe limeninyima usingizi.

Sikusubiri. Kabla sijaamua nilimuuliza: nikiweka 6.1 sasa hivi, huduma inaondoka? Amenijibu kwa maandishi kwamba kwa tiketi hii haitaondoka. Nimeuhifadhi ujumbe huo mahali pawili, nikaweka 6.1 jana jioni. Taskset nimeiondoa, vile vidogo vinane vinafanya kazi zao, na sura 42 zimetoka kwa dakika 19.

Kwa atakayefika hapa akiwa na shida kama yangu: anza na amri ya pili ya kipima_kasi. Ukikuta namba zote zinafanana kwenye prosesa yenye viini vya aina mbili, usiweke mfumo upya hata kama umeombwa mara tatu.

Msomaji wangu nimemweleza yote. Ameniomba tuirudie sura ya 31 kwa mara ya tatu, Jumamosi. Amesema safari hii anataka kuisoma bila kukodolea macho taa ya kurekodi. BIOS mpya ikifika nitaweka hapa majibu ya amri ile ya pili.